Mama Mdogo wa Kadi Mbili

Nilirudi nyumbani Jumamosi mchana nikakuta ukoo umejaa sebuleni, unajadili mwanamke ambaye hana kichwa, hana miguu, ana upana wa sahani, na anauzwa akiwa ndani ya boksi.

Wenyewe hawakujua hayo. Walichojua ni kwamba anaitwa mama mdogo, na kwamba baba yangu anataka kumwingiza ndani.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya sebule. Amevaa gauni la marehemu mama yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata sasa nikilikumbuka lile gauni kwenye ule mwili, mate yananijaa mdomoni.

Mimi nyumbani naitwa Bi Kinyaa.

Jina hilo alinipa mama tangu nikiwa mdogo. Nikiona unywele kwenye sabuni, siogi. Kikombe kikinuka yai, hata uniwekee maziwa na asali, sikigusi. Watu wote walikuwa wananisema. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anachukua kile kikombe, anakisuuza tena mbele yangu, ananipa, huku anacheka. "Haya Bi Kinyaa, kunywa sasa."

Mama alifariki kwa maradhi, tukabaki nyumbani mimi na baba, kaka yangu alishaoa na kwenda kwake.

Sasa sikia maajabu. Mtu mwenye kinyaa kama mimi, kazi niliyoipata mjini ilikuwa kunyonyoa kuku.

Banda lilikuwa la shangazi, dada yake baba. Kuku anachinjwa, anachovywa kwenye pipa la maji ya moto, ananyonyolewa, anapasuliwa. Kama hujawahi kunusa manyoya mabichi yaliyomwagiwa maji ya moto, mshukuru Mungu wako. Unaoga, unajisugua hadi ngozi inawaka, unaamka asubuhi, kidole bado kinanuka. Nilifika mahali nakula mkate kwa uma.

Shangazi yeye hana habari. Anachomoa utumbo kwa mkono wa kulia, na mkono huohuo anamega mkate anatia mdomoni.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Shangazi, si ungenawa kwanza?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mchafu. "Ninawe nini? Kuku si chakula? Mkate si chakula? Chakula kimekutana na chakula, wewe kinakuuma nini?"

Nilitoka nje nikatapika. Sitanii.

Na kama hiyo haitoshi, dada mmoja wa pale bandani aliyekuwa anashughulikia upande wa utumbo akaacha kazi. Shangazi akanitangazia mbele ya wenzangu kwamba kuanzia Jumatatu ijayo upande huo ni wangu. Alisema kwa furaha, kama vile ananipandisha cheo.

Jumatatu. Kumbuka hiyo siku.

Kwa sababu nyumbani nilikuwa na kazi nyingine, ya moyoni. Natengeneza katuni. Nachora kwenye kompyuta, naziamsha, zinatembea na kuongea. Kituo kimoja cha vipindi vya watoto kilikuwa kimeona vitu vyangu mtandaoni, wakaniomba niwatengenezee kipande kifupi cha majaribio. Kikiwapendeza, wananichukua moja kwa moja, na kazi nafanyia nyumbani.

Siku ya mwisho ya kukipeleka: Jumatatu hiyohiyo.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Jumatatu ningekuwa mtu wa katuni, au ningekuwa mtu wa utumbo.

Katuni yenyewe ilikuwa ya mtoto asiyependa kunawa mikono. Usicheke. Mtu huandika anachokijua.

Shida ilikuwa moja. Katuni ikishachorwa, kompyuta inapaswa kuipika, picha moja baada ya nyingine, na kinachopika ni kile kidude kinaitwa kadi ya picha. Kadi yangu ilikuwa moja na imechoka, inapika kama jiko la kuni mbichi. Kwa mwendo ule, Jumatatu ingenikuta katikati ya hadithi, mtoto bado hajanawa.

Rafiki yangu mmoja aliyekuwa anahama akaniachia kadi yake, pacha wa yangu. Kadi mbili zingeipika katuni kwa nusu ya muda. Lakini bodi yangu, lile bapa kubwa la ndani ambalo kila kitu kinachomekwa juu yake, ilikuwa na sloti moja tu, yaani nafasi moja ya kuchomeka kadi. Nilihitaji bodi ya sloti mbili.

Na ilipaswa kuwa ndogo. Hapo ndipo baba alipoingia.

Baba ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Aliponisikia nalalamika kwamba kasha la kompyuta yangu limepasuka, hakuniuliza kitu. Akakata bati, akakunja, akatoboa matundu ya hewa, akaweka na mshikio juu, akapaka rangi ya bluu. Likatoka sanduku zuri kweli, ila dogo. Alipima kwa macho, kama anavyopima ya wanafunzi.

"Vipi, litafaa?" akaniuliza, huku analifuta vumbi kwa shati.

Ungemwona uso wake usingeweza kusema hapana. Nikamwambia litafaa sana, halafu nikaenda kutafuta bodi ndogo.

Kuna mtaa wa wauza vifaa vya kompyuta, fremu za maduka zimebanana, kila mlango una fundi na lundo la vyuma. Nikaanza na yule mwenye kelele kuliko wote, wanamwita Mswaki. Sikujua kwa nini wanamwita hivyo. Nilijua baada ya muda mfupi.

"Bodi ndogo, sloti mbili? Ipo!" akasema kabla sijamaliza sentensi.

Akaingiza mkono uvunguni akachomoa bodi imeganda vumbi na mafuta. Akaipuliza. Mate yakaruka. Kutoka kwenye kona ya ile bodi vikadondoka vijidude vya kahawia juu ya meza, na nilipoinama kuangalia nikaona ni mayai ya mende.

"Hayo yanatoka," akasema.

Akachukua kikombe kilichokuwa dirishani. Ndani kulikuwa na mswaki, na pembeni ya mswaki kulikuwa na dawa ya meno. Akauchovya ule mswaki kwenye petroli akaanza kusugua bodi, mende kwa mayai yake, kisha akaukung'uta kwenye suruali na kuurudisha kwenye kikombe.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Samahani kaka, huo mswaki ni wa bodi au wa meno?"

"Asubuhi wa meno, mchana wa bodi," akajibu, anatabasamu. "Kwani bodi ina ugonjwa?"

Jamani, lile tabasamu sitalisahau.

Kibaya zaidi, kidogo niinunue. Sloti zilikuwa mbili kweli, nimezihesabu kwa macho yangu, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Kilichoniokoa ni mende mwenyewe, mzazi, aliyetoka kwenye tundu la waya akatembea polepole hadi kwenye kidole changu. Nilipiga yowe, mtaa mzima ukageuka.

Fundi wa fremu ya tatu akatoka kuangalia nani anakufa. Alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, miwani imekaa puani. "Pole mdogo wangu," akasema. "Njoo huku unawe."

Neno la kwanza kwangu lilikuwa unawe. Nikamfuata.

Fremu yake ilikuwa ndogo lakini safi, unaweza kulala sakafuni. Kabla hajagusa kifaa chochote, alinawa mikono kwenye beseni, akaikausha kwa taulo, kisha akavaa glovu. Niliona aibu kusema, lakini nilitaka kumkumbatia.

Nikamweleza shida yangu.

"Usiniulize bodi ina sloti ngapi," akasema. "Niulize kadi ya juu itapumulia wapi."

Akatoa bodi tatu akazipanga mezani. Ile ndogo kabisa ilikuwa na sloti moja, hiyo ikaondoka. Ya pili ilikuwa na mbili, ila zimekaribiana. Kadi zako ni nene, akaniambia, ya juu itaikalia ya chini, zitabanana na kupikana joto kama wake wenza kwenye jiko moja. Ya tatu ilikuwa na mbili zimeachana vizuri, lakini aligeuza bodi akanionyesha kwamba sloti ya pili ni ndefu kwa umbo tu. Njia zinazoipelekea data ni chache, kwa hiyo kadi ya pili ingekuwa inasubiri muda mwingi kuliko kufanya kazi.

"Na hiyo ndiyo Mswaki anawauzia watu," akasema. "Mteja anahesabu sloti, analipa, anaenda nyumbani kulia."

Alichosema nikitafute ni bodi fupi, yenye sloti mbili zilizoachana, na zote mbili zinagawana njia sawasawa. Yeye hakuwa nayo siku ile. Angeiagiza kwa mwenzake, ingefika Jumamosi, na ingekuwa moja tu. Akaniambia nisichelewe, kuna mtu mwingine anaiulizia.

Hapa nikupe lugha ya ule mtaa, maana ndiyo iliyoleta balaa. Wale mafundi hawasemi mamabodi, jina kamili la ile bodi. Wanasema mama. Bodi kubwa ni mama mkubwa, bodi ndogo ni mama mdogo. Na wanazisema kama watu kabisa. Utasikia mtu anapiga kelele, "Mama mdogo wako yuko mzima?" na mwenzake anajibu, "Kafa jana, kaungua kichwa."

Kwa hiyo tukaagana hivi: mama mdogo akifika, atanitumia ujumbe.

Namba yake nikaihifadhi kwa jina moja tu. Msafi.

Nilipomweleza baba, akasema ni lazima alipeleke sanduku lipimwe, asije akakosea matundu ya skrubu. Akalibeba akaenda. Siku iliyofuata akaenda tena, kuna tundu halikukaa vizuri. Siku iliyofuata akaenda tena.

Na jambo moja la ajabu likatokea. Baba akaanza kuoga kabla ya kutoka.

Mzee wangu nampenda, lakini kusema ukweli alikuwa ananuka kazi: bati, risasi ya kulehemu na jasho la juzi. Nimemsema miaka yote, hasikii. Sasa ghafla akawa anatoka na shati limepigwa pasi, kwapa limepigwa sabuni, anaenda kupima matundu. Mimi nikafurahi. Nikasema hatimaye maneno yangu yameingia.

Nilikuwa na akili za kuku, tena wa kuchovywa.

Ikafika Jumamosi. Nilikuwa bandani tangu asubuhi. Simu yangu nimeichomeka chaji ukutani, na haikuwa na kufuli, kwa sababu vidole vyangu vikiwa na mafuta ya kuku ilikuwa hainitambui. Shangazi akanituma nipeleke kuku kwenye hoteli ya mbali. Nikataka kuchukua simu, akaniambia, "Iache ijae, utarudi sasa hivi."

Nikaiacha. Huku nyuma ujumbe ukaingia. Nakuwekea kama ulivyokuwa:

"Mama mdogo amefika leo. Nimemkagua mwenyewe, ni mzima, anabeba kadi zote mbili bila shida. Mwambie baba aje na lile sanduku, tumpime."

Sasa jiweke kwenye nafasi ya shangazi. Hajui bodi, hajui sloti. Anajua mama mdogo ni mke mpya wa baba. Kadi anazozijua ni za mwaliko wa harusi, na hapa zimeshachapwa za aina mbili. Sanduku ni la nguo za bibi harusi. Na mwanamke akishafika, eti anapimwa.

Anapimwa nini, kama si mimba?

Niliporudi kutoka hotelini, banda lilikuwa limefungwa. Shangazi hayupo, simu yangu haipo. Mwenzangu mmoja akaniambia amekimbilia nyumbani kwetu, na amewapigia watu njia nzima.

Ndipo nikaingia sebuleni nikakuta ule mkutano.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa kwenye kiti cha baba, na soda mkononi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la mama, lile la bati ambalo baba alimtengenezea walipooana. Nguo za mama zilikuwa humo, nimezifua mwenyewe, nimezikunja, nimeweka vipande vya sabuni katikati. Huwa nalifungua mara chache tu, kunusa.

Lilikuwa wazi na nguo zimemwagwa sakafuni.

Wifi alikuwa anazishindilia kwenye mifuko, na mifuko yenyewe nikaitambua. Ilikuwa mifuko ya bandani, ya kubebea kuku, na mmoja ulikuwa bado na manyoya chini.

Baba mkubwa akapiga chafya. Akaokota mtandio wa mama akafuta pua.

Na shangazi, ndani ya gauni la mama, gauni la kijani la kutokea, zipu imegoma mgongoni, nyama zimemwagika pembeni. Alikuwa ametoka bandani moja kwa moja. Kucha zake zilikuwa na damu ya kuku, na kifuani, pale alipokuwa akilivuta ili lishuke, palishakuwa na alama za vidole.

Niliwahi kusikia kinyaa cha tumbo. Siku ile nilisikia kinyaa cha watu. Kile hakitapikiki, kinakaa tu kifuani kinakuchoma.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Tunaokoa vitu vya mama yako, mpumbavu wewe!" akasema. "Unataka huyo malaya aje avivae? Na wewe ndiye kuwadi wao. Baba yako anatafutiwa mwanamke na mtoto wake wa kuzaa, makubwa haya!"

"Mwanamke gani?"

Akaninyooshea simu yangu mwenyewe. Ilikuwa imejaa mafuta ya kuku kioo kizima. Nikausoma ujumbe, nikausoma tena kwa macho yao, nikaelewa kila kitu.

"Shangazi, hii ni bodi."

"Bodi gani?"

"Ya kompyuta. Mama mdogo ni bodi ndogo. Kadi ni kadi za picha. Sanduku ni lile la bluu alilotengeneza baba."

"Na tumpime?"

"Tuone kama inaingia!"

Nikawafungulia picha ya bodi kwenye simu, nikamzungushia kila mmoja. Baba mkubwa akaiangalia kwa muda mrefu, akaigeuza simu juu chini.

"Huyu ndiye ana mimba?" akauliza.

Hapo wakapasuka kucheka. Baba mkubwa alicheka hadi soda ikamtokea puani, na mtandio wa mama ukafanya kazi tena. Wifi akawa anajipigapiga mapajani. Walicheka vizuri sana, lakini nikaona hakuna hata mmoja aliyerudisha nguo sandukuni. Wifi alikuwa anacheka huku anafunga mfuko.

"Basi rudisheni vitu," nikasema.

"Aa, vimeshagawiwa hivyo," akasema shangazi, anajifuta machozi. "Nguo zinaliwa na nondo bure. Tena hata kama leo si kweli, kesho baba yako ataoa tu. Kwanza mimi huyo mtu wako nimeshamaliza naye."

"Umemaliza naye vipi?"

"Nimempigia. Nikamwambia mimi ndiye dada mkubwa wa mwenye nyumba, na huyo mama mdogo hatumtaki. Ukoo umekaa, umekataa. Akatafute nyumba nyingine."

"Akasemaje?"

"Atasema nini? Nikamsikia anavuta pumzi, kisha akakata."

Nikaichukua simu yangu.

Bodi ilikuwa moja, na kulikuwa na mtu mwingine anaiulizia. Nikapiga ile namba, inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, haipokelewi. Nikaiona Jumatatu ikija na beseni la utumbo.

"Unalia nini?" shangazi akaniuliza. "Kazi si ipo?" Akanishika bega, kwa mkono uleule.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia baba.

Shati limepigwa pasi. Sanduku la bluu mkono mmoja. Akasimama mlangoni akawatazama wote, mmoja mmoja, uso umekaza kama mtu aliyejiandaa njia nzima.

"Vizuri nimewakuta wote," akasema. "Nimesikia mmeshajua. Nilitaka kusema mwenyewe, baada ya binti yangu kumaliza kazi yake Jumatatu, lakini kama mmeshakaa na mmeshakataa, basi kataeni mbele yangu."

Nikajua baba naye amechanganywa. Nikamkimbilia. "Baba, hapana, walielewa vibaya, walisoma ujumbe wa bodi, ni bodi tu."

Baba akaniangalia. Akafungua sanduku la bluu. Ndani, imefungwa skrubu zake zote, imekaa sawasawa kama yai kwenye kiota, kulikuwa na bodi fupi yenye sloti mbili zilizoachana.

"Bodi ni hii," akasema. Kisha akasogea pembeni ya mlango. "Mama mdogo ni huyu."

Nyuma yake alikuwa amesimama Msafi.

Macho yake yalikuwa mekundu. Kumbe shangazi alipompigia na kumwambia mama mdogo hatumtaki, ukoo umekataa, yeye hakufikiria bodi hata kidogo. Alijua ni yeye. Alimpigia baba akamwambia wameshajua, na wameshanikataa, mchukulie binti yako bodi yake tuishie hapo. Baba ndiye aliyekataa kuishia hapo.

Nikakumbuka sabuni na pasi. Nikakumbuka tundu moja lililohitaji kupimwa wiki nzima.

Shangazi alikuwa amekosea kila neno la ule ujumbe, na bado alikuwa amepatia.

Kicheko chote kilikatika. Wifi akausukuma mfuko nyuma ya kiti kwa mguu. Baba mkubwa akauficha mtandio mfukoni, ukining'inia.

Baba sasa ndiyo akaona. Sanduku la mkewe liko wazi, nguo ziko chini. Dada yake yumo ndani ya gauni la kijani. Akaliweka sanduku la bluu chini, taratibu.

Mimi nilikuwa namwangalia yule mwanamke. Nasema ukweli, nilikuwa nasubiri kinyaa changu. Najijua. Nilijua kitakuja, nitamwona amesimama kwenye nyumba ya mama yangu na kitanipanda kooni kama kilivyonipanda kwa wengine wote.

Akaingia polepole. Akasimama mbele ya zile nguo, hakugusa hata moja. Akanigeukia mimi, hakumgeukia baba.

"Hizi ni za mama?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Naomba maji ninawe," akasema. "Halafu kama utaniruhusu, nikusaidie kukunja."

Nilisubiri kinyaa. Hakikuja.

Nikaenda jikoni nikaleta jagi na beseni na sabuni, nikammiminia mwenyewe. Alinawa taratibu, katikati ya vidole, hadi kwenye viwiko, mbele ya ukoo mzima. Halafu akapiga magoti upande mmoja wa sanduku, mimi upande wa pili, tukaanza kutoa nguo za mama kwenye mifuko ya kuku na kutenga zile za kufuliwa upya.

"Dada," baba akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kwa heshima yote, ingia chumbani uvue."

Shangazi aliingia. Zipu ilimgomea, ikabidi amwite wifi amsaidie, na tulisikia wanahangaika humo ndani hadi ikawa kichekesho. Ila siku hiyo hakuna aliyecheka.

Gauni nilililoweka kwenye maji ya sabuni siku nzima. Alama ya vidole ilitoka.

Bodi ilifanya kazi. Kadi mbili zikakaa ndani ya sanduku la baba kila moja na nafasi yake ya kupumua, wala hazikuchemka. Jumapili yote zilipika, na Jumatatu yule mtoto wa katuni akanawa mikono. Wakanichukua. Bandani sijarudi tena, na upande wa utumbo nasikia shangazi anaushughulikia mwenyewe.

Funzo langu ni dogo. Neno usilolijua, uliza kabla hujaita ukoo. Na vitu vya marehemu, kama ni lazima uviguse, nawa kwanza.

Nyumbani sasa tuko watatu. Jana nilimkuta Msafi jikoni ameshika kikombe changu, anakinusa. Akakunja pua, akakisuuza tena, akaniwekea chai.

Yeye namwita mama mdogo. Ile ya kwenye sanduku tumekubaliana tuiite bodi tu.